Je, Ua Lisiloliwa Lina Thawabu?

Sisi Waislamu wa pwani tumelelewa na fundisho moja la kilimo ambalo hata mtoto wa chuoni analijua: Mwislamu akipanda mti au mbegu, kisha akala humo ndege, binadamu au mnyama, anaandikiwa sadaka. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, na hapa Tanga nimeisikia kwenye khutba, kwenye darasa za akina mama, hata kwa mkwezi mmoja aliyekuwa akijiliwaza kwa nazi zilizoibwa usiku shambani kwake. Ni fundisho linalompa mkulima usingizi mzuri. Lakini lina upande mmoja ambao sikuwahi kuupa nafasi akilini, mpaka mzee wa jirani, mtu ninayemheshimu kama baba, aliposimama ubavuni mwa nyumba yangu akielekea kuswali Alasiri na kuutazama mmea uliojaa chini ya mwembe.

"Mwalimu, karanga hizi utazing'oa lini?"

"Hizi hazing'olewi, babu. Hatuzipandi kwa kula."

"Hamzili!" Akaushikilia mkongojo wake. "Sasa maji unayamwaga ya nini, mwanangu? Kinacholiwa kina sadaka ndani yake. Kisicholiwa je?"

Hakuniuliza kwa kejeli. Mzee yule alilima mihogo na mahindi Pongwe maisha yake yote, na kwake ardhi ni amana ambayo mtu ataulizwa aliitumiaje. Swali lake ni la dini moja kwa moja, na naona linamhusu kila mtu mwenye kipande cha uwanja, awe Mwislamu au la: tunayo haki ya kuotesha kitu kwa ajili ya uzuri tu, wakati ardhi ile ile ingeweza kuotesha chakula?

Kwanza niueleze mmea wenyewe. Ni wa jamii ya mikunde, ndugu wa karibu wa karanga tunayoijua, na kitaalamu unaitwa Arachis pintoi. Kwao ni Brazili. Mwaka 1954 mtaalamu wa mimea Geraldo Pinto aliukusanya katika jimbo la Bahia, na jina lake ndilo lililobaki kwenye mmea. Tangu hapo umesambazwa Kolombia, Kosta Rika, Australia, Hawaii na kwingineko kwenye joto na mvua. Watu huupanda kwenye malisho, chini ya kahawa na migomba, na kwenye bustani badala ya nyasi. Hutambaa. Shina likigusa udongo wenye unyevu, kila fundo linatoa mizizi, na baada ya muda huoni tena udongo bali majani tu, yenye kimo cha shubiri moja hivi. Majani yake hukaa manne manne kwenye kikonyo kimoja. Jua likizama hujikunja na kulala yakiwa yamegusana, na kukipambazuka hufunguka. Mvua inayozidi milimita 1,000 kwa mwaka inautosha, na kivuli cha wastani hauchelei, kwa hiyo sisi wenye masika na vuli na miembe mikubwa tunaufaa nao unatufaa.

Ua lake ni la manjano, umbo lake kama la kunde lakini dogo zaidi. Hufunguka asubuhi na siku hiyo hiyo hunyauka. Kinachofuata ndicho kinachonifanya niiname na kufunua majani kila nipatapo nafasi. Pale lilipokuwa ua, kitu chembamba kama uzi huanza kurefuka kwenda chini, siyo juu. Hushuka hadi kugusa ardhi, hupenya, na ganda hujengeka gizani, mara nyingi lenye mbegu moja peke yake. Karanga ya kula nayo hufanya hivyo hivyo, na njugumawe vilevile, ingawa njugumawe ni ya Afrika hii hii na karanga ililetwa na Wareno kutoka Marekani ya Kusini. Wakulima wetu walikuwa wanajua zamani sana, kabla Mreno hajatia nanga, kwamba kuna mimea inayochanua mbele ya watu na kuzaa mahali wasipopaona.

Sasa jibu la haraka kwa mzee ninalo. Ningeweza kumwambia: babu, kinaliwa. Nyuki wanakuja asubuhi ua likiwa bichi. Mbuzi akikata kamba hakuna anachokimbilia kabla ya hiki, maana ni malisho mazuri sana. Na chini ya udongo kuna karamu nyingine. Ukichimbua mzizi kwa kidole utakuta vinundu vidogo, vingine kama kichwa cha pini. Kipasue kimoja kwa ukucha: kikiwa kinafanya kazi, ndani yake ni rangi ya waridi, karibu na damu, kwa sababu kina kemikali ya jamii moja na ile inayoufanya mwili wetu uwe na damu nyekundu. Humo wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani, ambayo mmea wenyewe hauwezi kuila, na kuigeuza kuwa chakula. Mmea unawapa sukari, wao wanaupa naitrojeni. Majani yakianguka na kuoza, mwembe nao unapata fungu lake, na embe ikishaiva mzee yule hula. Sadaka imepatikana, na hadithi imetimia kwa njia ya mzunguko.

Sijampa jibu hilo, wala sitampa. Si kwamba ni la uongo. Kila neno lake ni kweli. Lakini nikijitetea hivyo nitakuwa nimekubali msingi wa swali, kwamba kitu cha Mungu hakina thamani mpaka kipite kinywani mwa mtu, au angalau kinywani mwa mbuzi. Msingi huo siukubali.

Nadhani sisi wa Tanga tuna sababu zetu za kuuamini kirahisi. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo michache mkoa wetu ulijaa mkonge, nyanda kwa nyanda, na babu zetu wakawa vibarua humo. Mwaka 1902 Wajerumani hao hao wakafungua kituo cha utafiti Amani, kule Usambara Mashariki, wakajaribu mimea kutoka kila pembe ya dunia, na swali la kwanza kwa kila mche lilikuwa utaleta fedha kiasi gani. Tumekaa na swali hilo kwa zaidi ya miaka mia. Limeingia mpaka kwenye viwanja vyetu vya nyumbani, tukadhani limetoka kwenye dini.

Dini inasema nini hasa? Nimelitafuta jibu ndani ya Kitabu chenyewe, na nililolikuta linanitosha.

Katika Sura ya An'am kuna mahali pawili panapozungumzia matunda kwa maneno yanayokaribiana sana. Mahali pa kwanza, baada ya kutajwa mvua, mbegu, mitende, mizabibu, mizeituni na mikomamanga, tunaamrishwa tuyatazame matunda yanapozaa na yanapoiva. Kutazama tu. Mahali pa pili, mbele kidogo katika sura ile ile, ndipo tunapoambiwa tule, tutoe haki yake siku ya mavuno, na tusifanye israfu. Kuna amri mbili hapa, na ile ya jicho imetangulia ile ya mdomo. Mtu anayepita shambani akahesabu magunia asiinue macho ameshika amri moja na kuiacha nyingine.

Katika Sura ya Nahl wanyama wa mifugo wanatajwa kwa faida zao: joto tunalolipata kwao, manufaa, na nyama tunayokula. Kisha, kama jambo la peke yake lisilotegemea hayo, inaongezwa kwamba kuna uzuri kwetu tunapowarudisha jioni na tunapowatoa asubuhi. Aliyewahi kuona ng'ombe wa Kimasai wakishuka Handeni jua likiwa limelala ameiona aya hiyo kwa macho yake. Maziwa yameshahesabiwa, nyama imeshahesabiwa, na bado uzuri umepewa mstari wake. Haukuingizwa ndani ya hesabu ya manufaa mengine.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilichambua jambo hili katika kitabu chake Ihya, kwenye sehemu ya mapenzi. Alikuwa anajibu watu waliodhani kwamba mwanadamu hapendi kitu ila kwa faida anayoipata kwacho. Mfano aliouchukua ni majani mabichi na maji yanayotiririka. Akasema vitu hivyo hupendwa si kwa sababu majani yataliwa au maji yatanywewa, bali kwa ladha ya kuviona tu. Na kwake hilo halikuwa jambo la starehe ya matajiri. Alilifanya ngazi: moyo unaoweza kupenda uzuri pasipo kuutaka kuumiliki au kuula ndio moyo unaoweza kumpenda Mungu kwa ajili Yake, si kwa ajili ya riziki Yake. Nimelirudia fungu hilo mara nyingi, na kila mara nashangaa kwamba mtu wa Khurasan, karne tisa zilizopita, alikuwa amelisikia swali la mzee wangu wa Tanga.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonimaliza kabisa. Katika Sura ya Rahman, pamoja na miti, kinatajwa kitu kingine kinachomsujudia Mungu. Wako wafasiri waliokifahamu kuwa ni nyota za mbinguni. Lakini wengine, na Imam Tabari ni mmoja wao, wamekifahamu kuwa ni mimea isiyo na shina la kusimama, ile inayoenea juu ya ardhi, ili iwe jozi na miti yenye mashina. Sina elimu ya kuamua kati yao. Ila nikichukua kauli ya Tabari, ninachokiona chini ya mwembe wangu kila asubuhi ni viumbe wawili walioko kwenye ibada, mmoja amesimama na mwingine ametandazika chini yake, na mimi niliyeshika ufagio si imamu wao. Ibada yao haikuanza nilipopanda. Haingojei kuliwa ili ikubaliwe.

Kwa hiyo sitaki kuufanya mmea huu uwe mhubiri wangu. Ningeweza kusema kwamba unatufundisha kutoa sadaka kwa siri kwa kuwa unaficha mbegu yake ardhini. Watu wengi wangependa hitimisho hilo. Lakini Qur'ani inatuambia kwamba kila kitu kinamtakasa Mungu na sisi hatuufahamu utakaso wao; basi adabu yetu ni kukubali kwamba kinachosemwa pale chini si lazima kiwe kinaelekezwa kwetu. Mmea unafukia mbegu kwa sababu ndivyo ulivyoumbwa ulinde mbegu yake na joto, moto na midomo ya wanyama. Hilo lenyewe ni ajabu ya kutosha.

Pamoja na haya yote, mzee hakukosea kunikemea, na sehemu moja ya swali lake nimeipokea mkono wa kulia: maji.

Maji ya bomba letu yanatoka Mto Zigi, unaoshuka kutoka misitu ya Amani, na yanakusanywa kwenye bwawa la Mabayani kabla ya kuletwa mjini. Wakati wa mvua kubwa mto huo hubeba udongo wa mashamba yaliyoachwa wazi milimani, na anayekaa mjini huiona rangi yake ndooni. Kila tone limepita safari hiyo. Na sisi tumefundishwa tusiyamwage maji ovyo hata tunapotawadha kando ya mto unaopita. Basi uzuri unaokunywa maji ya watu si uzuri ninaoutetea. Nyasi za kuletwa na magari, zinazonyweshwa kwa mpira mchana kutwa mwezi wa Februari huku mtaa wa pili watu wanapanga ndoo, hizo siziiti bustani kwa maana ya dini. Mmea wangu niliusaidia maji ya kusuuzia mchele na ya udhu, niliyoyakinga kwenye beseni, katika miezi yake ya kwanza. Ukishashika mizizi, ninauacha na mvua. Kaskazi ikikaza majani hupukutika, unakonda, mtu akiuona anadhani umekufa. Masika yakigusa ardhi unarudi. Ninauacha ukonde. Kuuonea huruma kwa maji ya Zigi ni israfu, na hapo mzee ana haki kamili.

Ana haki pia juu ya njaa. Hatuna imani ya kuzungumzia ikiwa tumeshiba na jirani hana kitu. Upande wa jua wa uwanja wangu una mchicha, bamia, kisamvu na mpapai, na nisingeupa mmea wa maua nafasi hiyo kwanza. Chini ya mwembe mchicha hauna maisha. Hurefuka kwa kutafuta mwanga, ukaanguka. Mtu anaweza kuniambia: kumbe uzuri umeupa makombo, mahali pasipofaa kitu. Namjibu kwamba hata ningekuwa na jua uwanja mzima, ningebakiza sehemu isiyoliwa. Isingekuwa kubwa. Ingetosha mtoto kukaa na kutazama nyuki.

Na kuna riya, kujionyesha kwa watu. Huu ndio mtego halisi wa bustani, kuliko hata maji. Ni rahisi uzuri wa kumkumbusha mtu Muumba wake ukageuka kuwa uzuri wa kumkumbusha jirani cheo chako. Siwezi kumhukumu mwingine kwa hili, maana nia iko moyoni. Kwangu mimi nimeuweka ubavuni, upande wa dirisha la jiko, si barabarani.

Linabaki suala la uwanja uliofagiliwa. Wasomaji wa pwani wanajua ninachokisema. Mama yangu aliamka kabla ya jua, akainama na ufagio wa chelewa, na jua lilipotoka uwanja wote ulikuwa mchanga mtupu wenye mistari ya ufagio, hakuna jani. Uwanja ule ulikuwa heshima yake. Ulisema kwamba humu ndani kuna mwanamke aliyeamka. Pia ulikuwa usalama: nyoka haonekani kwenye majani, kwenye mchanga anaonekana. Sitaudharau hata kidogo. Mbele ya nyumba, wanapopita wageni na wanapocheza wajukuu, mimi pia nafagia, na mmea wenyewe naukata uwe mfupi ili mguu usikanyage usichokiona.

Lakini usafi ni wa nani? Ardhi tunayoifagia kila siku haijaachwa safi, imeachwa uchi. Mvua ya masika ikiipiga, matone yanarusha chembe za udongo mpaka ukutani, utaona mchirizi mwekundu urefu wa goti kwenye chokaa ya kila nyumba. Kisha maji yanaondoka na udongo wa juu, na kwa kiwanja changu mwisho wa safari ni bahari. Mizizi ya mwembe wangu ilikuwa imetokeza nje kama mishipa ya mkono wa mzee. Sasa imefunikwa, na ukuta upande huo haurukiwi tena na tope. Naona tumekuwa tukiitoharisha ardhi kwa kiasi ambacho haikuomba. Mungu anaposimulia ardhi iliyokufa ikipata mvua, hasemi ikawa safi. Anasema ikatikisika, ikaumuka, ikaotesha kila aina inayopendeza. Kupendeza kumetajwa hapo, na hakuna aliyekuja kula bado.

Na zipo habari za Mtume kwamba Kiyama kikisimama na mtu ana mche wa mtende mkononi, kama anaweza kuupanda basi aupande. Mtende huo hautazaa, wala hatakuwepo ndege wa kudonoa tende wala mtoto wa kupanda juu yake. Kama thawabu ya kupanda ingekuwa kwenye kuliwa peke yake, fundisho hilo lisingekuwa na maana. Mimi nimelifahamu hivi: kuliwa ni nyongeza ya ukarimu wa Mungu juu ya kupanda, na kupanda kwenyewe, kwa nia safi na bila israfu, kumeshakuwa ibada kabla hakijaota kitu.

Basi ndugu msomaji, ninaloomba ni dogo. Lisha nyumba yako kwanza, kisha tafuta sehemu moja ya uwanja ambayo ufagio na jembe vitaipisha: chini ya mwembe, kando ya ukuta, kwenye mteremko unaomomonyoka. Ngoja masika. Kata marando ya mmea huu urefu wa shubiri, fukia mafundo mawili ardhini, nafasi ya hatua moja kati ya rando na rando, na upalilie miezi ya mwanzo kwa sababu huanza polepole. Usiuweke karibu na mboga, utazivamia. Ukishajaa, mkatie jirani marando, usimwuzie.